Pikipiki Imekingwa, Aliyeipanda Je?

Ni desturi iliyokita mizizi humu nchini kwamba pikipiki mpya ya bodaboda haianzi kazi kabla haijapitishwa kwa fundi wa jua kali. Huko hufungwa vyuma vya kinga mbele ya injini, vingine kandokando ya tangi, na aghalabu huongezwa fremu ya kubebea mizigo nyuma ya kiti. Mwenyewe huizunguka akikagua kila kiungo kilichochomelewa, akikitikisa kwa mkono na kumrudisha fundi kazini panapomtia shaka. Shughuli hiyo ikiisha, huenda akanunua kofia ngumu, yaani helmeti, kwa muda wa dakika mbili, akichagua ya bei ya chini kabisa, au ile inayolandana na rangi ya tangi. Kesho yake utaiona helmeti hiyo imetundikwa kwenye usukani, au imevikwa kiwiko cha mkono kana kwamba kiwiko ndicho chenye ubongo.

Sisemi haya kwa kuwabeza vijana wa bodaboda, ambao bila wao walimu wengi wa mashambani wasingefika darasani kabla ya kengele. Walimu wenzangu waliochukua mikopo katika vyama vyao vya ushirika wakajinunulia pikipiki hufanya vivyo hivyo. Wanafunzi wa vyuo wanaorejea mabwenini usiku nao hawaulizi helmeti, huuliza nauli. Ninachodai leo ni kwamba tumejifunza kuchagua kinga ya chombo kwa makini ya kupigiwa mfano, ilhali kinga ya mwanadamu aliyekipanda tumeiachia bahati. Na kwa maoni yangu, kasoro hiyo haitarekebishwa na askari wa trafiki pekee. Itarekebishwa na watu wanaojua kupima mambo na kuyafundisha, nao ni walimu.

Bodaboda ilipozaliwa katika mpaka wetu na Uganda, pande za Busia na Malaba, ilikuwa baiskeli. Abiria alivushwa kutoka kituo kimoja cha mpakani hadi kingine, na akianguka alichubuka goti, akajipangusa vumbi, safari ikaendelea. Baiskeli ziligeuka pikipiki kwa wingi kuelekea mwisho wa miaka ya 2000. Mwendo uliongezeka maradufu na zaidi, lakini mavazi yakabaki yale yale ya baiskeli. Leo katika baadhi ya hospitali zetu wodi za mifupa zimebatizwa jina la bodaboda na wagonjwa wenyewe.

Nianze na vyuma vya kinga, maana vina manufaa na si haki kuvipuuza. Pikipiki ikilala ubavu, vyuma hivyo ndivyo vinavyogusa ardhi kwanza. Kifuniko cha injini hakipasuki, wenzo wa klachi haukatiki, vikanyagio havipindi, na pengine mguu wa mwendeshaji hupata upenyo badala ya kubanwa chini ya mzigo wa zaidi ya kilo mia moja. Katika barabara zetu za udongo wakati wa masika, ambapo pikipiki huanguka ikiwa katika mwendo wa mtu anayetembea, huo ni msaada wa kweli. Kijana ambaye chombo chake ndicho shamba lake ana kila sababu ya kukilinda.

Hata hivyo, si kila chuma ni kinga. Vyuma vinavyoaminika hufungwa kwa bolti kwenye fremu yenyewe, katika sehemu zaidi ya moja, ili pigo ligawanyike. Vile vinavyoning'inia kwenye bolti moja hugeuka wenzo: vikipigwa, hupinda fremu ambayo vililetwa kuilinda. Kuchomelea moja kwa moja kwenye fremu ni jambo la kuogopwa, kwa sababu chuma kilichopashwa moto hudhoofika kandokando ya kiungo, na ufa huanzia hapo hapo bila kuonekana chini ya rangi. Upana nao una kipimo chake. Vyuma vinavyotokeza kuliko usukani hunasa matatu, baiskeli, mlango wa gari lililoegeshwa, na nimeona hata kikapu cha mama sokoni. Pikipiki inapoinama kwenye kona havipaswi kugusa lami, na usukani ukizungushwa hadi mwisho kulia na kushoto, hakuna kitu kinachostahili kukwaruzana na gurudumu. Mwisho wa bomba uwe umezibwa na kuviringishwa. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa wazi ni mkuki unaosubiri tumbo la mtu.

Sasa tuulize: vyuma hivyo, hata vikiwa vizuri namna gani, vinamkinga nani? Swali hili limechunguzwa. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani walitoa ripoti yao mashuhuri baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, wakizifikia pale pale zilipotokea. Waligundua kwamba majeraha ya kifundo na wayo yalipungua kwa wale waliokuwa na vyuma vya kinga, lakini upungufu huo ulifutwa na ongezeko la majeraha ya muundi, goti na paja. Jeraha halikuondoka mguuni, lilihama tu. Pikipiki zao zilikuwa kubwa kuliko zetu, na barabara zao si kama za kwetu, kwa hivyo sitamwambia mtu yeyote ang'oe vyuma vyake. Ila anayevinunua na ajue kwamba ananunua bima ya klachi na vikanyagio. Asidhani amenunua bima ya mwili.

Ripoti hiyo hiyo ilisema wazi kwamba helmeti ndiyo kinga muhimu zaidi dhidi ya majeraha ya kichwa, na kwamba visingizio tunavyovisikia hata leo, kwamba inamziba mtu masikio, inamfunga macho au inamvunja shingo, havikuthibitishwa na ajali walizozichunguza. Baadaye, mwaka 2008, wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima kwa pamoja walikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sijui chuma kipi cha kuchomelea kinachoweza kujigamba hivyo.

Wanafunzi wa historia watapenda kujua jambo hili lilianzaje. Mnamo Mei 1935, katika jimbo la Dorset nchini Uingereza, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi aliyepata sifa Uarabuni katika Vita Vikuu vya Kwanza, alikuwa akiendesha pikipiki yake alipowakuta ghafla wavulana wawili waliopanda baiskeli. Aliwakwepa, akarushwa, akaumia kichwa, na baada ya siku sita akafariki. Kichwani hakuwa na kinga. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Cairns alianza kuyachunguza majeraha ya vichwa vya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Kabla mwaka huo haujaisha, jeshi la Uingereza liliwaamuru wanajeshi wake wote wa pikipiki kuvaa helmeti. Jeshi, ambalo lilikuwa katikati ya vita na lina hesabu nyingine nyingi za vifo, liliona kwamba hicho kilikuwa kifo kinachoweza kuepukika.

Kwa walimu wa fizikia, helmeti ni somo zima. Mtu akianguka kutoka kimo cha mita 1.5 tu, ambacho ni kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi juu ya pikipiki, kichwa chake hufika ardhini kwa mwendo wa takriban mita 5.4 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo pikipiki inaweza kuwa imesimama kabisa. Kichwa hicho kikisimamishwa na lami ndani ya milimita 2, mshtuko wake huwa takriban mara 750 ya mvutano wa ardhi. Kikisimamishwa ndani ya milimita 20, huwa mara 75. Tofauti ya milimita 18, unene wa kidole, ndiyo inayomtenganisha mtu aliyeamka akiona kizunguzungu na mtu aliyesomewa dua. Na milimita hizo hazitolewi na ganda la nje linalong'aa, ambalo ndilo wanunuzi wengi hulitazama. Hutolewa na povu gumu jeupe lililo ndani, la jamaa ya lile linalofungashiwa televisheni kwenye maboksi. Povu hilo husagika taratibu na kuumeza mshtuko. Likisha kusagika halirudi. Ndiyo sababu helmeti iliyopata pigo moja la nguvu huwa imemaliza kazi yake, hata kama nje haina mkwaruzo.

Siku moja nilipita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, penye maduka ya vipuri, nikaomba kuonyeshwa helmeti mbili za bei tofauti. Ile ya bei rahisi ilikuwa na rangi ya kupendeza na picha ya chui. Nilipochomoa kitambaa cha ndani, nilikuta sifongo laini iliyogandishwa kwa gundi kwenye plastiki, basi. Povu gumu halikuwepo. Nikaibonyeza kwa viganja viwili ubavuni, ikabonyea kama debe. Ya pili ilikuwa na povu la unene wa kidole gumba pande zote, na ukanda wa kidevuni ulioshikiliwa kwa ribiti za chuma. Nilipomwonyesha muuzaji tofauti hiyo, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, zote ni helmeti." Naye hakukosea kwa upande wa jina. Mbele ya askari zote mbili zitapita. Mbele ya lami itapita moja.

Basi mnunuzi aangalie nini? Kwanza, ndani kabla ya nje, kama nilivyoeleza. Pili, alama ya ubora. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lina kiwango cha helmeti za pikipiki kinachojulikana kama KS 77, na bidhaa iliyoidhinishwa hubeba alama ya shirika hilo. Helmeti nyingi zitokazo ng'ambo huwa na herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na nambari ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza. Hiyo ni alama ya kanuni nambari 22 ya Umoja wa Mataifa. Chini ya toleo la 05 la kanuni hiyo, helmeti hurushwa kwenye nondo ya majaribio kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, na mshtuko unaofika ndani hauruhusiwi kuzidi mara 275 ya mvutano wa ardhi. Mwanafunzi atakayelinganisha nambari hiyo na ile 750 niliyoitaja awali atakuwa ameelewa kila kitu. Alama huweza kughushiwa, ni kweli. Lakini mghushi wa karatasi ya kubandika mara chache hujisumbua kughushi pia povu na ribiti, kwa hivyo vitazamwe kwa pamoja.

Tatu, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, helmeti imkae mvaaji. Pima mzunguko wa kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi. Helmeti ikivaliwa na kutikiswa, ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Funga ukanda, umwombe mwenzako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa na kukuangukia miguuni, itavuka vivyo hivyo siku ya ajali, na utakuwa umebeba kofia kwa miaka yote hiyo bure. Helmeti isiyofungwa ukanda ni sawa na isiyovaliwa. Nayo inayofunika kidevu ni bora kuliko inayoacha uso wazi: uchunguzi uliofanywa Ujerumani ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya mapigo hutua katika eneo la kidevu na taya. Kuhusu zile kofia za mafundi wa ujenzi ambazo huonekana vichwani mwa baadhi ya abiria, sina la kusema ila kwamba zilibuniwa kumkinga mtu dhidi ya tofali linalotoka juu, na lami haitoki juu.

Viatu na jaketi nitavipitia upesi. Kiatu kinachofunika kifundo ni afadhali mara kumi kuliko ndara, na abiria wengi wana kovu la bomba la moshi kwenye shavu la mguu ambalo suruali nzito ingelizuia. Jaketi linaloakisi mwanga halizuii pigo; huzuia kutoonekana, na kutoonekana ndiko kunakoleta pigo.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka kila aliye juu ya pikipiki, awe mwendeshaji au abiria, avae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na kinamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu kwa wakati. Hakuna anayeweza kudai hajui. Kinachokosekana ni helmeti ya pili, ile ya abiria, na ikipatikana huwa imefungwa nyuma ya kiti ikiwa imejaa vumbi.

Abiria nao wana malalamiko ambayo siwezi kuyadharau. Kina dada hulalamika kwamba helmeti imevaliwa na vichwa ishirini tangu asubuhi, inanuka jasho, inaharibu misuko iliyogharimu fedha na nusu siku. Haya si mambo ya kuchekwa. Lakini jirani zetu wamekutana nayo na kuyatatua. Jijini Kigali abiria wa pikipiki hukabidhiwa helmeti kabla ya safari kuanza, na huivaa bila mjadala. Imekuwa mazoea kama kufunga mlango wa gari. Kampala nako ipo kampuni ya bodaboda ambayo iliwazoesha abiria wake kuvaa kofia nyepesi ya kutupwa chini ya helmeti. Leso safi hufanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu anayesafiri kwa bodaboda kila siku ya juma kwa nini asinunue helmeti yake mwenyewe, ya kipimo chake, akaingia nayo ofisini kama anavyoingia na mwavuli? Tunabeba miavuli kwa hofu ya kulowa.

Niliyoyaacha mwisho ndiyo yanayonikosesha usingizi. Kila asubuhi, katika lango la karibu kila shule ya msingi ambayo nimepita, pikipiki hushusha watoto watatu, wanne, wakati mwingine watano, mdogo akiwa ameketishwa juu ya tangi mbele ya mwendeshaji. Hakuna hata mmoja mwenye helmeti. Mtoto wa tangini ndiye atakayetangulia kugonga chochote kitakachogongwa. Yeye ndiye aliyegeuzwa kinga ya wengine. Mzazi amelipa nauli ya mwezi mzima, mwalimu wa zamu amesimama langoni akitazama saa, mwendeshaji anaharakisha kwenda kuchukua kundi la pili. Wote watatu wanampenda mtoto. Aidha, helmeti za watu wazima haziwezi kuwasaidia watoto hawa. Kichwa cha mtoto wa miaka minane huwa na mzunguko wa takriban sentimita 52, na helmeti inayouzwa madukani kama ya wastani hukusudiwa kichwa cha sentimita 57 au 58. Itaelea. Zile za kipimo cha watoto ni adimu katika maduka yetu, na zitaendelea kuwa adimu mradi hakuna anayeziulizia.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wakuu na kamati za wazazi. Shule ina uwezo ambao askari hana: inawajua waendeshaji wanaowaleta wanafunzi, kwa majina na kwa nambari za pikipiki, na inakutana na wazazi kila muhula. Iandikishe waendeshaji hao. Iwaambie wazazi bayana kwamba pikipiki itakayoshusha zaidi ya mtoto mmoja itaandikwa kitabuni na mzazi ataitwa. Iagize helmeti za watoto kwa pamoja, ishirini au thelathini, kutoka kwa muuzaji mmoja atakayekubali zikaguliwe ndani kabla ya kulipwa. Muuzaji ambaye hawezi kumsikiliza mteja mmoja atazisikiliza shule tatu. Nauli itapanda, sikatai, kwa kuwa mwendeshaji atafanya safari mbili badala ya moja. Jambo hilo lijadiliwe mkutanoni kwa hesabu, mbele ya waendeshaji wenyewe, na wale wazazi wasioweza kabisa watafutiwe njia, ikiwemo watoto kutembea kwa makundi wakiwa na mkubwa wao.

Na shule ikipata helmeti kuukuu, iliyopasuka au iliyopitwa na wakati, isitupwe. Apewe mwalimu wa fizikia au wa sayansi aikate katikati kwa msumeno mbele ya darasa, kisha aikate na nyingine ya bei rahisi kutoka sokoni, aziweke mezani zikitazamana, na awape wanafunzi rula wapime wenyewe unene wa povu.